Riwaya za majeraha ya historia: Kwa nini chapa ya kwanza yenye sahihi inasakwa kwa udi na uvumba

Na Mwandishi Wetu

ALHAMISI ya Oktoba 7, 2021, Akademia ya Sweden ilipotangaza mjini Stockholm kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeishi Uingereza, wasomaji wengi duniani walianza kuulizana huyu ni nani na ameandika nini. Lipo kundi dogo la watu ambalo halikuwa na muda wa maswali hayo. Hao ni wakusanyaji wa vitabu na wafanyabiashara wa vitabu vya zamani, ambao kwao tangazo kama hilo huwa na maana moja tu: kusaka, kabla wengine hawajaamka, nakala za chapa ya kwanza za “Memory of Departure” (1987), “Pilgrims Way” (1988), “Dottie” (1990) na hasa “Paradise” (1994), ikiwezekana zenye sahihi ya mwandishi mwenyewe.

Riwaya za mwanzo za Gurnah zilichapishwa kama zinavyochapishwa riwaya za mwandishi yeyote ambaye bado hajapata jina, yaani kwa tahadhari. Hata “Paradise”, iliyoingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka 1994, haikumfanya awe mwandishi wa kugombewa madukani. Vitabu vya aina hiyo nchini Uingereza mara nyingi hununuliwa na maktaba za umma, vikapigwa mihuri, vikabandikwa lebo, na baada ya miaka kadhaa vikauzwa kama vitabu chakavu. Kwa hiyo siku ambayo dunia ilivitaka, nakala safi zilikuwa chache kuliko watu waliozihitaji, na bei ikapaa. Nchini Marekani hata msomaji wa kawaida, asiye na habari na mambo ya chapa, alilazimika kusubiri wachapishaji wachape upya.

Gurnah si mwandishi wa hadithi za kuburudisha abiria. “Paradise” ni kisa cha kijana Yusuf, aliyetolewa na baba yake kuwa rehani ya deni kwa mfanyabiashara wa pwani, katika miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. “Afterlives”, iliyotoka mwaka 2020, inaingia ndani zaidi katika utawala wa Wajerumani, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na askari Waafrika waliopigana chini ya bendera ya Kaisari. Katika vita hivyo vya Maji Maji makadirio ya baadhi ya wanahistoria yanafikisha idadi ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuwa watu 300,000. Mtu anayelipa fedha nyingi kupata nakala ya kwanza ya riwaya kama hizo ananunua nini hasa? Karatasi, sahihi, au kumbukumbu ya maumivu ya watu wengine?

Swali hilo linahitaji kwanza kueleweka kwa jinsi biashara yenyewe inavyokwenda.

Toleo ni moja, chapa ni nyingi

Katika mazungumzo ya kawaida watu huchanganya toleo na chapa. Toleo ni matini yenyewe kama ilivyopangwa kwa ajili ya kuchapwa. Chapa ni kila mara mashine inapowashwa kutoa nakala za matini hiyo. Toleo la kwanza linaweza kuchapwa mara kumi au ishirini, lakini mkusanyaji hutaka ile chapa ya kwanza ya toleo la kwanza, nakala zilizotoka kiwandani kabla mtu yeyote hajajua kama kitabu kitapendwa au kitadharauliwa.

Utambulisho wake hupatikana katika ukurasa wa hakimiliki. Wachapishaji wengi wa Uingereza na Marekani huweka safu ya tarakimu kuanzia 10 hadi 1, na kila chapa mpya inapotoka tarakimu ndogo kabisa huondolewa. Tarakimu 1 ikiwapo, hiyo ni chapa ya kwanza. Ikiwa ndogo kuliko zote ni 4, hiyo ni ya nne. Lakini kanuni hii ina mitego. Kampuni ya Random House ya Marekani kwa miaka mingi ilianza safu yake na 2, huku maneno ya kutambulisha toleo la kwanza yakisimama badala ya tarakimu 1, hivyo mnunuzi asiyejua huiacha nakala aliyokuwa akiitafuta. Mtego mwingine ni matoleo ya vilabu vya vitabu, yanayofanana sana na toleo halisi, ila karatasi ya kufunikia jalada haina bei kwenye pindo lake na mara nyingi nyuma ya jalada gumu huwa kuna alama ndogo iliyobonyezwa.

Karatasi hiyo ya kufunikia jalada, ambayo wasomaji wengi huitupa, ndiyo mara nyingi hubeba sehemu kubwa ya thamani ya kitabu cha karne ya 20. Ikichanika bei hushuka, na ikikosekana kabisa, kitabu kilekile chenye kurasa zilezile huweza kupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Jambo hilo halina mantiki kwa anayesoma, lakini soko halisomi.

Vitabu vya Kifaransa vina utaratibu wake. Riwaya nyingi za Ufaransa hutoka kwa jalada laini lisilo na karatasi ya juu, na tarehe ya kumalizika kuchapwa huandikwa katika ukurasa wa mwisho kabisa. Anayetafuta chapa ya kwanza ya “Petit Pays” ya Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, iliyotolewa na Grasset mwaka 2016, huanzia kusoma kitabu mwisho. Aidha, ukanda mwekundu unaotangaza tuzo humpa mkusanyaji wasiwasi badala ya furaha, kwa kuwa nakala nyingi zenye ukanda huo zilichapwa baada ya ushindi. Riwaya hiyo, inayosimulia utoto uliovunjwa na vita vya Burundi na mauaji ya kimbari ya Rwanda, ilishinda Goncourt ya wanafunzi wa sekondari mwaka huohuo.

Vitabu ambavyo hakuna aliyevitaka

Lipo jambo moja linalotenganisha riwaya za majeraha ya historia na aina nyingine za vitabu vinavyokusanywa. Uhaba wa nakala zake za kwanza, mara nyingi, umetokana na watu kutotaka kusikia kilichoandikwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote si riwaya bali ni ushuhuda. Primo Levi, mkemia wa Kiitalia aliyenusurika kambi ya Auschwitz, aliandika kitabu chake cha kwanza, “Se questo è un uomo”, mara tu baada ya kurudi nyumbani Torino. Kampuni ya Einaudi ilikikataa. Kampuni ndogo ya De Silva ilikichapa mwaka 1947, nakala 2,500 tu. Nakala zipatazo 600 hazikupata mnunuzi, zikahifadhiwa katika ghala mjini Firenze, na mafuriko ya mwaka 1966 yakaziangamiza. Wakati huo Einaudi walikuwa wameshabadili msimamo na kukitoa upya tangu 1958. Leo nakala ya 1947 ni kitu cha kuwekwa kwenye sanduku la chuma.

Imre Kertész wa Hungaria, aliyepelekwa Auschwitz akiwa na umri wa miaka 14, alipata mapokezi yanayofanana na hayo. Riwaya yake “Sorstalanság” ilikataliwa na mchapishaji wa kwanza, ikatoka mjini Budapest mwaka 1975 na kupita kimya kimya. Miaka 27 baadaye, mwaka 2002, Kertész alipewa Nobel. Wakusanyaji waliokuwa na tafsiri za Kiingereza na Kijerumani waligundua kwamba toleo la kwanza la kweli ni kile kitabu kidogo cha Kihungaria ambacho wengi wao hawawezi kukisoma hata sentensi moja.

Kinyume chake ni “Beloved” ya Toni Morrison, iliyotolewa na Knopf mwaka 1987. Riwaya hiyo ilichochewa na kisa cha kweli cha Margaret Garner, mwanamke mtumwa aliyetoroka Kentucky mwaka 1856 na kumuua mtoto wake ili asirudishwe utumwani. Lakini mwaka 1987 Morrison alikuwa tayari mwandishi maarufu, na kitabu kilichapwa kwa wingi tangu mwanzo. Nakala za chapa ya kwanza si adimu hata kidogo. Kinachopandisha bei yake ni sahihi, hasa tangu Morrison alipofariki dunia Agosti 5, 2019. Anayetaka kitabu chake kilicho adimu kweli humfuata “The Bluest Eye” ya mwaka 1970, ya wakati hakuna aliyemjua.

Kwa upande wa Afrika, kitabu kinachotajwa kwanza ni “Things Fall Apart” cha Chinua Achebe, kilichotolewa na William Heinemann mjini London mwaka 1958, nakala 2,000 za jalada gumu. Kitabu hicho kimeuzwa kwa mamilioni tangu hapo na kimetafsiriwa katika lugha zaidi ya 50, kikiwamo katika Kiswahili kama “Shujaa Okonkwo”. Achebe, aliyefariki Machi 2013, aliishi Marekani tangu baada ya ajali ya gari ya mwaka 1990, na alisaini vitabu vingi huko. Kwa sababu hiyo ni rahisi kukuta sahihi yake kwenye chapa za miaka ya 1990 na 2000. Kuikuta kwenye nakala ya 1958, yenye karatasi yake ya juu, ni bahati ya mtende.

James Ngugi na polisi waliomtafuta Matigari

Hakuna mwandishi wa Afrika Mashariki ambaye vitabu vyake vinaonyesha vizuri zaidi maana ya chapa ya kwanza kuliko Ngũgĩ wa Thiong’o, aliyefariki dunia nchini Marekani Mei 28, 2025, akiwa na umri wa miaka 87.

Jambo la kwanza ni jina. “Weep Not, Child” (1964), “The River Between” (1965) na “A Grain of Wheat” (1967) zilitoka zikiwa na jina James Ngugi kwenye jalada. Baadaye mwandishi aliliacha jina la James, na chapa zilizofuata zikabeba jina analojulikana nalo sasa. Basi mchuuzi anayedai kuuza toleo la kwanza la “A Grain of Wheat” lenye jina Ngũgĩ wa Thiong’o kwenye jalada ama hajui anachouza, ama anajua sana.

La pili ni matini yenyewe. Miaka ya 1980 Ngũgĩ aliifanyia marekebisho “A Grain of Wheat”, riwaya inayohusu Kenya ya hali ya hatari ya 1952 hadi 1960, makambi ya kizuizini na usaliti ndani ya kijiji kimoja. Chama cha wapigania uhuru, kilichoitwa kwa neno la kichama tu katika toleo la 1967, kikawa vuguvugu. Tukio la kubakwa kwa mwanamke wa Kizungu likaondolewa. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu leo husoma toleo lililorekebishwa bila kujua kwamba lipo jingine. Hapa mkusanyaji ana hoja ambayo hata asiyependa biashara yake hana budi kuikubali: bila nakala ya 1967, mtu hawezi kuona mwandishi alivyoyatazama mapambano hayo miaka minne tu baada ya uhuru, na alivyoyatazama tena akiwa mtu mzima aliyepita jela.

Ikumbukwe pia kwamba Uingereza ilipoondoka katika makoloni yake iliteketeza baadhi ya nyaraka na kusafirisha nyingine kwa siri. Majalada ya Kenya yaliyofichwa Hanslope Park yalikiriwa hadharani mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau, na mwaka 2013 serikali ya Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Kwa zaidi ya miaka 40 kabla ya hapo, msomaji aliyetaka kujua kilichotendeka makambini alikuwa na kumbukumbu za walionusurika na riwaya. “Kaburi Bila Msalaba” ya P. M. Kareithi, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1969 kuhusu vita hivyohivyo, ni mojawapo, na ni wachache wanaokumbuka kuitafuta.

La tatu ni “Matigari”. Ngũgĩ, aliyekuwa amewekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka kati ya Desemba 1977 na Desemba 1978, alikuwa uhamishoni riwaya hiyo ilipotoka kwa Kikuyu nchini Kenya mwaka 1986. Inahusu mpiganaji anayetoka msituni na kuzunguka nchi nzima akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki. Habari zilipofika serikalini kwamba kuna mtu anayeitwa Matigari anayezunguka akiuliza maswali hayo, polisi waliagizwa wamkamate. Walipobaini kuwa ni mhusika wa hadithi, mwanzoni mwa 1987 wakakamata vitabu. Nakala zilizosalia ni zile zilizokuwa zimeshanunuliwa katika miezi hiyo michache, na watu walizificha. Kupata moja ni kazi. Kupata moja yenye sahihi ni kazi kubwa zaidi, kwa kuwa mwandishi hakurudi Kenya hadi mwaka 2004, na aliyetaka asainiwe ilibidi kitabu chake kiwe kimenusurika miaka 17 ya kufichwa.

Sahihi inathibitisha nini?

Sahihi zina daraja. Ya chini ni ile ya karatasi ndogo iliyosainiwa kando na kubandikwa ndani ya kitabu. Juu yake ni ukurasa ambao mwandishi alitumiwa na mchapishaji, akausaini nyumbani pamoja na mamia mengine, kisha ukashonwa kitabuni. Mwandishi hakuwahi kukigusa kitabu chenyewe. Inayopendwa ni sahihi iliyoandikwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa jina la kitabu. Na inayozidi zote ni nakala ambayo mwandishi alimtunuku mtu mwenye uhusiano na kitabu hicho: mhariri wake, mwandishi mwenzake, mfungwa mwenzake. Ngũgĩ alimpelekea Achebe muswada wake kwenye mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere mwaka 1962. Nakala ya “Weep Not, Child” ambayo kijana huyo angemwandikia mkubwa wake kwa shukrani isingekuwa na bei ya kulinganishwa na nyingine yoyote.

Ajabu ni kwamba neno la kumtunuku mtu asiyejulikana hushusha bei. Nakala iliyoandikiwa mwalimu wa shule fulani aliyesimama saa mbili kwenye foleni, yenye neno la kumtia moyo, soko la siku hizi huiona pungufu kuliko sahihi kavu. Lakini ndiyo nakala yenye ushahidi kwamba watu wawili walikutana.

Muda nao hupanga bei. W. G. Sebald, Mjerumani aliyefundisha Norwich, alitoa “Austerlitz” kwa Kijerumani mwanzoni mwa 2001. Riwaya hiyo inamfuata mtu aliyeletwa Uingereza akiwa mtoto mdogo kutoka Prague, kuokolewa kutoka mikononi mwa Manazi, na ambaye amesahau yeye ni nani. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka Oktoba mwaka huo. Desemba 14 Sebald akafa katika ajali ya gari. Kwa toleo la Kiingereza, mwandishi alikuwa na majuma machache tu ya kuweza kusaini.

Irène Némirovsky hakuwa na hata siku moja. Aliandika “Suite française” wakati Ufaransa imekaliwa na Wajerumani, akakamatwa, akafa Auschwitz mwaka 1942. Mabinti zake walikaa na daftari hilo ndani ya sanduku kwa miongo kadhaa, na riwaya ikachapishwa mwaka 2004. Nakala yoyote ya kitabu hicho itakayoletwa sokoni ikiwa na sahihi ya mwandishi ni ya kughushi, na muuzaji wake ni wa kupelekwa polisi.

Kughushi ni tatizo la kila siku katika biashara hii, na intaneti imelikuza. Tovuti ya AbeBooks, iliyoanza kazi mwaka 1996 na kununuliwa na Amazon mwaka 2008, iliwezesha mtu wa Kampala kununua kitabu kilichoko Cape Town bila kukishika mkononi. Ilimwezesha vilevile mhuni mwenye kalamu nzuri kuwafikia wote wawili. Hata wachapishaji wakubwa wameteleza: mwaka 2022 kampuni ya Simon & Schuster ililazimika kuwarudishia fedha wanunuzi wa kitabu cha mwanamuziki Bob Dylan, waliolipa dola 599 kila mmoja kwa nakala zilizotangazwa kusainiwa kwa mkono, ilipobainika kwamba zilisainiwa na mashine.

Mnunuzi makini, kwa hiyo, haanzi na sahihi. Huanza na historia ya nakala: nani alikuwa nayo, ilinunuliwa wapi, je, kuna tiketi au picha ya hafla ambayo mwandishi alihudhuria? Kisha huitazama kalamu. Wino wa kalamu ya kisasa kwenye kitabu cha 1964 si lazima uwe uongo, kwani mwandishi anaweza kusaini kitabu cha zamani wakati wowote wa uhai wake, lakini tarehe iliyoandikwa pembeni ikiwa ya 1964 hapo pana mgogoro. Kurt Vonnegut, mwandishi wa “Slaughterhouse-Five” (1969) inayotokana na mabomu aliyoyashuhudia Dresden akiwa mateka wa vita mwaka 1945, alizoea kuchora uso wake pembeni ya sahihi. Mchoro huo unapendwa na wanunuzi, na kwa sababu hiyohiyo unapendwa na waghushi.

Fedha na maumivu

Wapo wanaoona kwamba kufanya biashara ya vitabu hivi ni kujinufaisha na mateso. Hoja hiyo ina uzito pale kitabu kinaponunuliwa kama hisa za kampuni, kikafungwa ndani ya plastiki na kusubiri kifo cha mwandishi ili bei ipande. Na hilo hutokea, wafanyabiashara hawalifichi. Wakusanyaji wengi huwa na nakala mbili, ya kwanza ya kutunza na ya pili, ya bei poa, ya kusoma, na wapo ambao ile ya pili hawajawahi kuinunua.

Hata hivyo, mwandishi hapati senti kutokana na mauzo ya kitabu kilichotumika, na wengi wa waandishi hawa walisaini kwa hiari, bila malipo, watu wakiwa foleni. Boubacar Boris Diop wa Senegal alikuwa miongoni mwa waandishi wa Kiafrika waliokwenda Rwanda mwaka 1998 kuandika kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994, na riwaya yake “Murambi, le livre des ossements” ikatoka Paris mwaka 2000. Murambi ni mahali halisi, shule ya ufundi ambako maelfu ya watu waliuawa na ambayo sasa ni kumbukumbu ya taifa. Kitabu kama hicho kikitunzwa na mtu anayejua Murambi ni nini, hakuna aliyedhulumiwa.

Dhuluma, kama ipo, iko kwenye mwelekeo wa safari ya vitabu. Nyaraka za Achebe ziko Maktaba ya Houghton, Chuo Kikuu cha Harvard. Za Morrison ziko Princeton tangu mwaka 2014. Za J. M. Coetzee wa Afrika Kusini zilikwenda Texas mwaka 2011, katika Kituo cha Harry Ransom, kilichonunua pia za Gabriel García Márquez kwa dola milioni 2.2. Vyuo hivyo vina vyumba vyenye baridi na unyevu unaopimwa usiku na mchana, navyo hufungua milango kwa mtafiti yeyote. Mtafiti huyo akitokea Enugu au Dodoma, kwanza apate viza.

Kwenye meza za barabarani

Vitabu vya Kiswahili viko katika hali tofauti kabisa. “Kasri ya Mwinyi Fuad” ya Adam Shafi, kuhusu unyonge wa watwana na mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1978. “Gamba la Nyoka” ya Euphrase Kezilahabi, inayogusa jeraha la kuhamishiwa watu katika vijiji vya Ujamaa, ilitoka mwaka 1979. Vilitoka kwa jalada laini, kwenye karatasi isiyo ya kudumu, bila safu ya tarakimu. Mwenye kutaka kujua chapa husoma orodha ya miaka kwenye ukurasa wa hakimiliki, pale ilipoandikwa.

Kisha vikaingia mikononi mwa wanafunzi. Kitabu cha fasihi kinachosomwa na madarasa matano mfululizo huandikwa majibu pembeni, hupoteza jalada, hushonwa kwa uzi wa gunia na hatimaye hufungia karanga. Kwa wakazi wa pwani kuna pia unyevu wenye chumvi, ukungu na mchwa, ambao hawachagui mwandishi. Hivyo chapa za kwanza za riwaya zilizosomwa sana katika nchi hizi ndizo zilizo haba kuliko hata baadhi ya vitabu vya Kiingereza vinavyouzwa kwa mamia ya dola, ila hakuna mnada unaozipangia bei.

Atakayetaka kuzitunza hahitaji mashine za Harvard. Wataalamu wa uhifadhi hushauri kitabu kisimame wima kwenye rafu isiyogusa ukuta wala sakafu, mbali na jua la dirishani, kisifungwe ndani ya mfuko wa nailoni unaozuia hewa, na kisibandikwe kwa gundi ya utepe, ambayo hugeuka kahawia na kula karatasi. Sahihi iombwe kwa kalamu ya wino usiofifia, kwenye ukurasa wa jina la kitabu, na aliyeomba aandike kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni ni wapi na lini. Tafsiri ya “Paradise” iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, “Peponi”, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, ni mfano wa kitabu ambacho chapa yake ya kwanza bado inaweza kupatikana bila mnada, na ambacho watu wawili wanaweza kukisaini, mwandishi na mfasiri.

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Nakala za riwaya zake huonekana mara moja moja kwenye vitabu vinavyotandazwa barabarani, katikati ya vitabu vya hesabu vya darasa la saba na majarida ya zamani. Muuzaji hazitofautishi, na bei yake huwa ni ileile ya kitabu chochote cha unene huo.